Évariste Ngoy Mulongo na Roboti ya Turffontein

Ndugu wachungaji, wazee wetu, majirani wa Jeppestown na nyote mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya leo, mimi ni Dismas, mume wa Célestine, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya shemeji yangu, ingawa yeye mwenyewe angewaonya kwamba Mtanzania huyu ataongeza chumvi.

Évariste Ngoy Mulongo alizaliwa tarehe 14 Juni 1968 mjini Kalemie, mtoto wa tatu wa Mzee Mulongo, fundi wa reli, na Mama Melania, katika nyumba ambayo, kwa masimulizi yake, ukungu wa asubuhi uliingia mlangoni na kutokea dirishani bila kumwamsha mtu. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akaendelea na shule ya ufundi, akahitimu ushonaji mwaka 1986, na walimu wake walimsifu kwa mkono mwepesi, wakalalamika kwamba anaota mchana, jambo ambalo sisi tuliokaa naye hatukuhitaji kuambiwa.

Mwaka 1990 alihamia Lubumbashi, akafungua kibanda cha kushona suti, na tarehe 7 Agosti 1999 alifunga ndoa na Léocadie, aliyekuja kupimwa gauni la kusindikizia harusi ya rafiki yake, akapimwa polepole mno. Mungu aliwajalia watoto wawili, Cédric, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 2001, na Héritière, aliyezaliwa hapa Johannesburg tarehe 3 Machi 2006, miaka miwili baada ya familia kuhamia Jeppestown, ambako marehemu alishona sare za kwaya nyingi, huku cherehani ikienda na yeye akitazama dirishani, akitabasamu na kitu tusichokiona.

Jumapili tarehe 18 Oktoba 2015 alikuwa akipeleka sare Turffontein, Héritière amelala kiti cha nyuma juu ya vitambaa, mijakaranda imechanua barabara nzima, na kwenye roboti, yaani taa za barabarani, karibu na uwanja wa mbio za farasi gari lao liligongwa ubavuni na gari dogo la mizigo. Marehemu alivunjika mkono wa kulia, mtoto alivunjika mguu ambao haukupona sawasawa, na dereva wa lile gari, kijana aitwaye Thabo, alivunjika mbavu. Kila mmoja alisema roboti ilikuwa kijani upande wake, na shahidi hakupatikana.

Sasa, sisi tunajua mtu akiumia anakwenda kuonwa, hata kama yeye ndiye aliyekuumiza. Évariste, mkono ukiwa bado kwenye plasta, alimchukua Léocadie, wakapika bugali na sombe ya majani ya muhogo, wakaenda kwa mama yake Thabo, wakampa pole kijana, wakasali naye, wakarudi nyumbani na moyo mweupe.

Kesi ya fidia aliyoifungua marehemu iliposikilizwa Agosti 2017, wengi wetu tulitarajia baraza la raia wanaoamua kesi kama kwenye filamu, tukamkuta jaji mmoja, na wakili wa upande wa pili akauliza kwa upole ni mtu gani asiye na kosa anayempelekea chakula aliyemgonga. Tarehe 22 Februari 2018 jaji aliamua kwamba ziara ile ilikuwa ya mtu anayejiona mkosaji, akaligawa kosa nusu kwa nusu. Haki ya Héritière haikuguswa, kwa sababu abiria hana kosa, na fidia yake ilikwishapatikana. Iliyokatwa ilikuwa ya baba, na wakili wake mwenyewe alimshauri aipokee hiyo nusu apumzike, kwa kuwa akikata rufaa na kushindwa angeweza kubebeshwa gharama zote. Nami nilimshauri hivyo hivyo, tena kwa ukali. Alinijibu, "Shemeji, hiyo nusu inasema nusu ya mguu wa mtoto nimeuvunja mimi."

Akakata rufaa. Majaji watatu waliisikiliza tarehe 12 Juni 2019, wakasema hukumu itatolewa baadaye, na tangu siku hiyo alikuwa kama mtu anayeishi ndani ya usingizi mwepesi, akinyoosha kitambaa, akikisahau mkononi, akituambia kwamba katika ndoto zake anafika pale Turffontein, maua ya zambarau yanaanguka taratibu, taa inawaka kijani, na barabara nzima haina gari.

Mwezi Julai figo zilianza kumsumbua, na tarehe 20 Agosti akalazwa. Siku chache kabla ya mwisho Héritière, ambaye Kiswahili anakisikia zaidi ya kukisema, alikaa kitandani kwake, akayapanga maneno, kisha akamwambia, "Papa, hata kama ilikuwa nyekundu, eish, mimi sina shida na wewe."

Marehemu alifumbua macho, akamshika mkono mwanawe, akasema, "Ilikuwa kijani." Tulicheka na kulia kwa pamoja, naye akacheka kidogo, akalala vizuri kuliko siku zote. Alifariki Ijumaa tarehe 6 Septemba 2019, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia wiki nzima, mafundi wenzake waliomshonea suti aliyovaa leo, wanakwaya, na wakili wake, ambaye ameahidi kuendelea, maana Léocadie amesema rufaa haitaondolewa.

Hukumu bado haijatoka, shemeji. Wakisema kijani, Héritière atakuja hapa kukuambia. Wakisema nyekundu, atakuja pia, akutunzie maua. Basi pumzika kwa amani, mtu wetu, usiwangoje majaji.