Tairi la Mbele Kushoto

Benchi letu ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kinyozi, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya vumbi. Nusu yake imeng'aa kwa kukaliwa. Nusu nyingine bado ina alama za msumeno, kwa sababu upande huo jua halina huruma. Wanaokutwa hapo kila alasiri ni watatu. Breki ni dereva wa malori aliyestaafu, na huitwa hivyo kwa sababu akitaka kusema hupiga goti lake kwa kiganja na mazungumzo yote husimama. Wakili hajawahi kuwa wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama, na maneno ya huko yakamganda mdomoni. Wa tatu ni Kinyozi mwenyewe, ambaye mteja akikosekana hutoka nje na taulo begani. Kahawa inauzwa na mama mmoja ambaye wote tunamwita Shangazi, hata wanaomzidi umri. Mimi huniita Digrii. Benchi lina sheria moja: mwenye tatizo hasemi neno mpaka kila mtu awe ametoa sababu yake. Wanadai kwamba mwenye shida akianza kusema mapema, ukweli unaharibu mazungumzo.

Siku ile mwenye tatizo nilikuwa mimi. Nililisimamisha gari likiwatazama, nikakunja usukani wote kushoto ili waone ukingo wa ndani wa tairi la mbele la kushoto. Ukingo wa nje ulikuwa na mifereji yake kama kawaida. Wa ndani ulikuwa kipara, na mahali pamoja nyuzi za waya zilikuwa zimeanza kuchungulia. Lilikuwa tairi la pili kuliwa hivyo tangu nilipoanza kuendesha mimi. La tatu, jipya, lilikuwa kwenye buti, na sikuona sababu kwa nini nalo lisiliwe.

Walijua pia habari ya kesho yake. Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, imefika ukingoni, na daktari alitaka awe karibu na hospitali kubwa iliyo chini ya mlima. Mumewe yuko kazini mbali, na angemkuta hukohuko. Nilikuwa nimempendekezea teksi. Akasema, “Nataka unipeleke wewe, baba.” Kuna kona nyingi katika ule mteremko, na upande wa kushoto hakuna ukuta.

— Upepo, alisema Breki kabla sijakaa. Upepo mdogo. Tairi linalegea, linakaa kama mtu mvivu.

— Upepo mdogo unakula kingo zote mbili, alisema Kinyozi. Hili limeliwa upande mmoja.

— Wewe unajua nini? Wewe kazi yako vichwa.

— Ndiyo maana najua kipara nikikiona.

Shangazi alicheka, akanimiminia. Kikombe nilikishika kwa mikono miwili.

— Napinga, alisema Wakili, na akasimama, kwa sababu hawezi kupinga akiwa amekaa. Tairi halina kosa. Mshtakiwa ni barabara. Mmeiangalia hii lami? Wameimwaga imeinama, maji yatiririke kando. Sasa gari la watu linatembea ubavu-ubavu kama kaa, kila siku, mwaka mzima. Mguu wa chini ndio unaobeba.

— Magari yote yanapita hapa, alisema Breki. Mbona ya wengine hayaliwi?

— Ya wengine hayajaletwa mbele ya benchi hili. Huwezi kusema hayaliwi.

— Wakili, kaa chini.

— Nitakaa nikimaliza. Nimemaliza.

Akakaa. Kinyozi alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, anapitisha kidole gumba pale palipoliwa, polepole, kama anavyopima kisogo kabla ya kuwasha mashine.

— Mimi nawaambia kitu, alisema. Kila mwanadamu kichwa chake kimeinama. Mnadhani nadanganya? Miaka yote hii sijapata kichwa kilichonyooka. Mmoja huku, mwingine kule. Na viatu vivyo hivyo, mtu analaza kisigino upande wake. Sasa mtu wa namna hiyo akipanda gari, gari litanyookaje? Linamfuata bwana wake. Digrii, hebu kaa wima.

Nilikaa wima.

— Mmeona? Kushoto.

— Kweli kabisa, kushoto, alisema Shangazi.

— Kwa hiyo tairi limeliwa kwa sababu ya shingo? aliuliza Breki.

— Shingo, mawazo, yote. Mtu mwenye mawazo kichwa chake kinazidi uzito upande.

Wakacheka, na mimi nikajitahidi. Nilikuwa nalitazama gurudumu, na kila nilipolitazama niliona kona moja, ile ya pili baada ya daraja, ambako hata wasio waoga hupunguza mwendo. Nilijiuliza waya unaochungulia hudumu kilomita ngapi. Nilifundisha upimaji wa ardhi maisha yangu yote na sikuwa na namna ya kulikokotoa jambo hilo.

— Hoja ya nyongeza, alisema Wakili. Haya matairi yanatoka nje. Yametengenezwa kwa watu wanaopita upande mwingine wa barabara. Huku kwetu yanazunguka yamechanganyikiwa.

— Tairi linachanganyikiwa?

— Mpira una kumbukumbu, Breki. Kunja mpira uone kama haurudi.

Breki alipiga goti.

— Nimeendesha malori tangu Wakili hajui kufunga kamba za viatu. Nimebeba saruji, nimebeba ng'ombe, nimebeba mabomba. Jambo moja nililojifunza ni mzigo. Mzigo ukikaa vibaya, gari linakula tairi. Ng'ombe wakikimbilia upande mmoja, hesabu imekwisha. Sasa tujiulize, gari hili limebadilika nini? Barabara ileile. Upepo uleule. Limebadilika mzigo.

Alisita. Aliniangalia, kisha akaiangalia kahawa yake.

— Digrii, usinielewe vibaya. Gari lilizoea watu wawili. Sasa linabeba mmoja. Upande wa kushoto hauna mtu. Unaelea. Gurudumu halikanyagi sawasawa, linaburuza ukingo.

Kinyozi alilitoa taulo begani akalikunja, akalirudisha.

Nilivunja sheria ya benchi.

— Ni kweli kuna kiti kilichobaki wazi, nilisema. Lakini si cha marehemu mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha. Kiti cha kushoto kilikuwa changu.

Walifikiri.

— Basi aliyekosekana ni wewe, alisema Wakili kwa upole, na nadhani lilikuwa jambo la kweli pekee alilosema alasiri ile.

Kisha, kama ilivyo desturi yake, akaliharibu.

— Lakini ushahidi umekamilika! Kiti cha kushoto kilikuwa na mtu, sasa hakina. Digrii, una kilo ngapi?

— Wakili.

— Swali halali. Tukiweka uzito wake pale pale alipokuwa anakaa, gari litarudi kama lilivyokuwa kwa shemeji. Hapo nyuma wanajenga. Mchanga upo.

Nilipaswa kuwazuia. Nasema hivyo kwa sababu nina elimu ya kutosha kujua kwamba gunia la mchanga halinyooshi gurudumu. Lakini siku ile nilitaka mtu yeyote afanye kitu chochote. Nilikaa na kikombe changu nikiwatazama Wakili na Kinyozi wakivuka kwenda kwenye jengo jirani, wakiongea na mlinzi, wakirudi na gunia katikati yao, wakipumua kama watu wa maana. Wakili alifungua mlango wa kushoto. Wakaliketisha. Lilikuwa linainama mbele, basi Kinyozi akalisukuma nyuma, na Wakili akavuta mkanda, akaufunga. Ulilia mlio wake mdogo wa kukaza.

— Hata adabu linayo kuliko abiria wengi, alisema Kinyozi.

— Zito kuliko Digrii, alisema Shangazi. Huyu siku hizi hali.

Breki hakuinuka kuwasaidia. Alikuwa anautazama usukani, kupitia kioo cha mbele. Alipiga goti, safari hii taratibu.

— Sasa wote tumesema. Mwenye tatizo aseme. Digrii, kwa fundi wa alaimenti umefika?

— Nimefika.

Wakili alisimama na mkono juu ya paa la gari.

— Umefika? Kumbe!

— Hamkuniuliza. Sheria yenu.

— Akasemaje? aliuliza Breki.

— Alilipandisha kwenye mtambo, akapima. Magurudumu ya mbele hayatazami mbele sawasawa. La kushoto limegeuka kidogo, linakwenda huku linajiburuza. Ndiyo maana ukingo unaliwa.

— Sasa si jambo dogo hilo? Anakaza hapa, analegeza pale, umekwenda zako.

— Alisema hawezi kuyapanga mpaka kwanza aunyooshe usukani. Ukiwa barabara iliyonyooka, usukani wangu umekaa mshazari.

— Si aunyooshe! Ndiyo kazi yake!

— Nilimwambia nitarudi.

— Ukarudi?

Nilimwambia kwamba sijarudi. Aliningoja niendelee, na alikuwa mvumilivu, lakini sikuendelea, kwa sababu yaliyobaki si maneno ya benchini.

Yaliyobaki ni haya. Mke wangu aliliendesha gari lile hivyohivyo, usukani umeinama kushoto, miaka yote tuliyokuwa nalo. Aliwahi kupanda ukingo wa barabara kwa gurudumu lile wakati anakwepa mtoto wa mbuzi, na tangu siku hiyo ukawa mshazari, na akauzoea, tairi likiliwa akanunua jingine. Mkono wake wa kulia ulikaa juu kidogo kuliko wa kushoto. Ngozi ya usukani imechakaa mahali pawili, na pawili hapo hapalingani kimo. Ninapoendesha naweka mikono yangu hapohapo. Fundi akinyoosha usukani, patabaki palipochakaa, lakini patakuwa mahali pasipo na maana kwa mkono wa mtu yeyote. Nilisimama katika karakana ile, mtambo ukiunguruma, nikalijua hilo kwa uhakika, nikaomba funguo zangu.

— Digrii, alisema Breki. Kesho unashuka mlima na mtoto wako.

— Najua.

— Kwenye lori, mimi nisingemruhusu adui yangu ashuke na tairi hilo.

— Lipo jipya kwenye buti.

— Na jipya litaliwa na hilohilo lililokula hili. Litakuvuta kushoto kulekule. Unaijua ile kona.

— Naijua.

Shangazi alitikisa birika kusikia kilichobaki, akamimina kikombe cha Breki, akaacha changu. Alikuwa ametazama nyuma yangu.

— Mwanao huyo, alisema.

Alikuwa anakuja kwa miguu kutoka njia ya vumbi, mkono mmoja kiunoni, anatembea kwa ile hesabu ya mama aliyekaribia. Nilisimama. Nililiogopa jua, na vumbi, na jiwe lolote lililokuwa mbele yake.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, mwanangu, walijibu wote, na Kinyozi akapangusa benchi kwa taulo. Kaa, kaa hapa kivulini.

— Asante, baba, sikai. Nikikaa sitainuka tena. Nimekuja kujaribu kiti tu. Tumbo limeshuka, nataka kujua kama kinarudi nyuma ya kutosha, nisije nikahangaika asubuhi.

Wakili aliuondoa mkono wake juu ya paa la gari.

Binti yangu alizunguka hadi mlango wa kushoto, akaufungua. Alisimama akiwa ameushika. Alilitazama gunia lililofungwa mkanda, vizuri kabisa, kifuani na kiunoni. Aliwatazama wazee watatu mmoja mmoja, kisha akanitazama mimi. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

— Sasa mimi nitakaa wapi?

Wakili alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno la mahakama, na halikuwepo. Kinyozi alikuwa anatazama vidole vyake vilivyojaa mchanga. Breki hakuligusa goti.

Nilikwenda nikaufungua mkanda. Gunia liliniegemea papo hapo, zito, la baridi upande wa chini. Breki alikuja bila kuitwa akashika huku, nami kule, tukalishusha, tukaliweka chini kando ya benchi. Mchanga ulikuwa umemwagika kitini. Niliupangusa kwa kiganja, nikapangusa tena kwenye mishono, mpaka Kinyozi akanipa taulo lake. Kisha nikavuta chuma chini ya kiti, nikakirudisha nyuma hadi mwisho wa reli.

Binti yangu aliingia kwa zamu: kwanza mgongo, halafu mguu, halafu mguu. Alivuta pumzi.

— Kinatosha, alisema.

— Usishuke, nilimwambia. Tunapita mahali.

Hakuuliza wapi. Nilizunguka upande wa pili. Breki alinifuata hadi mlangoni, akainama dirishani.

— Fundi anafunga saa kumi na moja.

— Najua.

— Utamwambia nini safari hii?

— Aunyooshe, nilisema.

Sauti ilitoka ndogo, hakusikia vizuri. Ikabidi nirudie.