Mafuta Kwenye Vidole vya Verl

Wasikilizaji wapendwa, kama pikipiki yako inawaka kwa teke la kwanza, kaa kitako unisikilize. Leo tunamkumbuka aliyeifanya iwake. Tunamkumbuka Verl Jorgensen, fundi wa vali, aliyetutoka Jumatatu hapa hapa Alkali Wells, Nevada. Fundi wa vali, nasema. Tairi aliziona kazi ya wavivu.

Ukimpelekea pikipiki iliyotoka mbio, injini bado ya moto, alikutimua. "Kaiache ilale! Ikiwa ya moto vipimo vyote ni uongo!" Wengi wetu tulitimuliwa. Mimi mara mbili.

Mnajua vumbi letu. Kati ya vali, kile kilango cha hewa ndani ya injini, na shafti inayoisukuma lazima ibaki nafasi nyembamba, na vumbi la jangwani likiingia, vali inalika, nafasi inaisha. Basi unapiga teke mpaka mguu unakufa ganzi, na pikipiki imekununia. Verl alifungua kifuniko, akapandisha pistoni juu kabisa, akapenyeza bapa jembamba la kupimia. Likigoma kupita, alitoa kisahani cha chuma kinachokaa juu ya vali, kidogo kama kifungo cha shati, akaweka chembamba zaidi. Kwisha kazi.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka.

Mkewe Nedra alimkuta amekaa juu ya ndoo gerejini, bapa liko sakafuni. Nedra aliogopa. Hakuogopa ugonjwa peke yake. Aliogopa kwamba watu wangeacha kuja, na Verl angekaa kwenye kiti akitazama ukuta mpaka afe. Basi akafunga mlango wa gereji.

"Nifundishe," akasema.

"Wewe? Wewe uliyeziita pikipiki zangu wake wenza?"

"Ndiyo. Nataka kumjua mke mwenzangu vizuri. Hebu sogea."

Wasikilizaji wapendwa, masomo hayo hayakuwa ya amani.

"Linapita?" Verl anauliza.

"Linapita."

"Linapitaje?"

"Linapita, Verl! Kwani kuna kupita kungapi?"

"Kupo kwingi, mwanamke! Linateleza, au linabana?"

Nedra akavuta tena, polepole. "Linabana kidogo. Kama karatasi ukiivuta chini ya kitabu."

"Hapo hapo," Verl akasema, na sauti yake ikawa ya chini. "Hapo ndipo penyewe."

Siku moja Nedra alisahau kuziba kwa kitambaa tundu linamopita cheni ya injini. Kisahani kikamponyoka, kikatumbukia ndani ya injini. Walikivua kwa sumaku mchana kutwa. Verl alicheka mpaka akaomba maji. "Haya," akasema, "sasa umekuwa fundi."

Tangu hapo mlango ulifungwa kila kazi ilipoingia. "Mzee anataka utulivu," Nedra alituambia. Ndani, yeye alipima, Verl akielekeza. Kazi ikiisha, Nedra alichovya kitambaa kwenye mafuta machafu, akavipaka vidole vya mumewe kimoja kimoja. Kisha akaenda jikoni kunawa mikono yake kwa sabuni ya vyombo. Verl alitoka nje akijifuta mikono mbele yetu, kifua mbele. Nasi tukasema, "Asante, fundi."

Miaka sita, wasikilizaji. Miaka sita Nedra aliamini hakuna anayejua.

Msinune, nimepewa ruhusa. Ni Nedra mwenyewe aliyeniambia, "Yaseme yote."

Juzi baada ya mazishi, watu walikuwa kanisani wakila viazi vya kuoka na jibini. Clete Barlow, jirani yao, akamsogelea. "Shemeji, wiki ijayo nikuletee pikipiki?"

"Clete, fundi nimemzika leo."

"Mmoja umemzika," Clete akasema. "Shemeji, Verl alikaza boliti za kifuniko kama anafunga benki. Kuzifungua ilikuwa ni kutukana. Halafu ghafla, miaka sita iliyopita, zikaanza kufunguka kistaarabu. Mji mzima ulijua."

Nedra akaweka sahani chini. "Mungu wangu. Verl angejua hilo, angekufa kwa aibu."

"Alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua kwamba tunajua. Nilimchokoza mwaka ule ule wa kwanza. Akanishika shati kwa ile mikono yake, akaniambia, 'Ukimwambia Nedra nakuua. Anafurahi sana kunilinda. Msimharibie.'"

Nedra anasema alicheka, halafu alilia, halafu hakujua tena anafanya lipi. Kila alipompaka mafuta yale, Verl alinyoosha vidole vyake akatulia. Alimwachia.

Nedra, pole sana, mama. Poleni watoto na wajukuu wa Jorgensen. Mji huu unalia pamoja nanyi. Nawe unayenisikiliza, kahawa ikiwa bado mkononi, mfikirie anayejifanya hajui ili wewe ufurahi. Nenda ukakae naye leo.

Lala salama, Verl. Na Nedra ameniagiza niseme hivi: gereji itafunguliwa Jumatatu.