Jared Maroa na Land Rover Iliyobadilishwa Bodi

Tarehe 31 Desemba 1998, Mzee Jared Maroa, mkuu wa karakana ya hospitali yetu hapa Migori, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Aliajiriwa kama utingo, akawa dereva, kisha fundi, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumwona ametulia kitini. Kikao cha wafanyakazi kikianza, yeye husimama mlangoni. Sala ikirefuka, utasikia viatu vyake nje, vikienda na kurudi juu ya kokoto.

Wengi watamkumbuka kwa Land Rover ya mwaka 1957, gari la kwanza la hospitali. Kufikia 1994 bodi yake ilikuwa imeliwa na kutu hivi kwamba abiria wa nyuma aliiona barabara kati ya miguu yake. Kamati iliamua iuzwe kama chuma chakavu. Maroa aliomba aachiwe, kwani injini na fremu, alisema, bado ni vijana. Akang'oa bodi yote, akaunda nyingine kwa mabati ya alumini na mbao za mvule, imefungwa pande zote, na nafasi ya machela ndani. Akaipaka rangi nyeupe. Siku alipoitoa nje, wauguzi walipiga vigelegele.

Furaha ikakwama kwenye karatasi. Kitabu cha usajili kilisema ni pick-up ya kijani, nyuma wazi. Haikuruhusiwa kuingia barabarani hadi ikaguliwe na kitabu kirekebishwe. Maroa alituma maombi na picha, akafuatilia Kisumu, akafuatilia Nairobi. Wiki zikawa miezi. Aliifunga kwa mnyororo yeye mwenyewe, akatuonya sote tusiiguse. Kila asubuhi aliizunguka, akapiga tairi teke, akaondoka, akarudi tena.

Mchana mmoja wa Aprili 1995 aliletwa Phanice, mama kutoka Ogwedhi aliyekuwa na uchungu tangu juzi yake. Mtoto alikuwa amelala kingamo tumboni, hawezi kuzaliwa bila upasuaji. Daktari wetu wa upasuaji alikuwa safarini, na ambulansi nyingine ilikuwa imekwenda Ndhiwa. Sister Priscilla, mkuu wa wauguzi, alikuja karakana, akasimama kando ya Land Rover, akautazama mnyororo. Maroa alijua kwamba akikamatwa atanyang'anywa leseni, na huenda hospitali ikalipoteza gari lenyewe.

"Mleteni," alisema, na kuufungua mnyororo.

Wakielekea hospitali ya Homa Bay, karibu na njia panda ya Asumbi, walikuta kizuizi cha polisi. Koplo Ombui alikitazama kitabu, akalitazama gari.

"Mzee, kitabu inasema pick-up ya kijani. Hii ni nini sasa?"

"Ni hiyo hiyo, afande. Nilibadilisha bodi, karatasi bado. Nishike, lakini huyu mama afike Homa Bay kwanza."

Koplo alichungulia nyuma, akamwona Phanice ameuma kanga kwa maumivu. Akafungua mlango wa mbele, akaketi.

"Endesha. Nitakushikia huko huko."

Alitimiza neno lake. Phanice alipasuliwa, akapata mtoto wa kike. Maroa alizipokea habari hizo akiwa kituo cha polisi, akitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Mahakamani alikiri kosa moja kwa moja. Alitozwa faini na kunyang'anywa leseni mwaka mzima. Land Rover ilibaki katika uwanja wa kituo hadi ilipokaguliwa, na mwezi Julai kitabu kikarudi kimerekebishwa: gari la wagonjwa, rangi nyeupe.

Sasa gari lilikuwa halali, dereva ndiye hakuwa. Mwaka huo ulimtesa kuliko mingine yote. Alimgeukia Marion wa stoo, binti wa kutoka Ndhiwa aliyekuwa na leseni bila mazoezi, akaketi kando yake safari baada ya safari, mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. "Polepole, nyar Ndhiwa!" alimkaripia, na punde tu, "Mbona hatuendi?" Leo Marion ndiye dereva wetu mkuu, na hajawahi kumwangusha mgonjwa hata mmoja.

Kamati ilipanga kumzawadia kochi. Mzee alishukuru sana, kisha akauliza kama linaweza kubadilishwa, apewe mashine ya kuchomelea vyuma. Limebadilishwa, na tunasikia kwamba tayari ana mteja Kehancha.

Mzee Maroa, ahsante kwa kila mgonjwa uliyemfikisha. Wewe na mkeo, Mama Byron, tunawatakia afya, kazi ya kuwatosha, na njia nyeupe popote mwendako.