Karatasi ya Thelathini na Tano

Watu wa njia panda ile, chini kidogo ya Githongo, hulima kahawa na kunywa chai. Waulize sababu, watakwambia kahawa ni ya kupeleka kiwandani, si ya kutia tumboni. Ni Angeline peke yake aliyethubutu kuichemsha na kuiuza kwa kikombe, na mbele ya kibanda chake kuna benchi la ubao linalotazama lango la kiwanda cha zamani, kile kilichofungwa. Jumatatu hiyo ukungu ulikuwa umekalia mibuni tangu alfajiri, wala haukuonyesha nia ya kuondoka. Kwenye benchi walikuwa Kiogora, aitwaye Injinia kwa kuwa hutengeneza redio, na mzee Kaburu, aitwaye Karani, maana alipima kahawa ya watu pale kiwandani miaka ishirini na sita. Katikati yao alikaa Kanana wa duka la fotokopi, na mfukoni mwake karatasi ambayo tangu Ijumaa alishindwa kuitupa.

— Hebu itoe tena, Angeline alisema. Mimi sijaiona vizuri.

Kanana akaitoa. Ijumaa jioni alikuwa ameendesha chemsha bongo katika ukumbi wa kanisa, maswali ishirini kuhusu mambo ya hapa kwao. Ili asiambiwe anapendelea mtu, alikataza majina. Kila mmoja aandike namba yake ya kiwanda, ile ya kupimia kahawa, ambayo mtu wa huku huikumbuka hata akisahau ya kitambulisho. Watu waliokaa walikuwa thelathini na wanne. Karatasi alizokusanya zilikuwa thelathini na tano. Hiyo ya ziada ilikuwa tupu toka swali la kwanza hadi la kumi na tisa. La ishirini peke yake ndilo lililojibiwa.

— Na hilo la ishirini ulilitoa wapi, Kanana? Injinia aliuliza. Nyinyi wa kuandika hadithi mnaenda Embu kwa kongamano la waandishi, mnarudi na vitu.

— Kule mwalimu alituambia mwandishi aulize swali ambalo hana jibu lake. Wengine wakauliza mambo ya mapenzi. Mimi nilikuwa na moja tu.

Swali lenyewe lilikuwa: Mutwiri yuko wapi?

Mutwiri ni kaka yake. Miaka tisa iliyopita alisimama kwenye mkutano wa wakulima akasema mizani ya kiwanda inadanganya, na wiki iliyofuata hakurudi nyumbani. Ikasemwa ameenda Mombasa. Mama yao hadi leo humwombea pamoja na wasafiri. Kusema kweli, yale maswali kumi na tisa yalikuwa ya kusindikiza.

Na jibu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: AKO KWA TANGI YA ZAMANI, ILE YA UPANDE WA MTO.

— Huyo ni Mutwiri mwenyewe, Angeline alisema. Amerudi, anaona haya kuja nyumbani.

— Arudi, aingie ukumbini, na hakuna mtu amemwona? Injinia akamkata. Hapa kwetu hata kuku mgeni anajulikana. Mimi naambia nyinyi, ni hiyo mashine ya fotokopi. Kanana amekaa nayo miaka tisa akiwaza ndugu yake. Vitu kama hivyo vinaingia kwa mashine.

— Mashine iandike na kalamu? Kanana alisema.

— Mimi nimewahi kufungua redio ikaendelea kuongea, na betri iko kwa mkono wangu. Usiniulize.

Angeline akainama karibu, sauti ikashuka.

— Sikutaka kusema. Kile kiti cha nyuma, karibu na mlango, kilikuwa kimelowa. Ni mimi nilikipanguza. Na mnajua Ijumaa hakukunyesha. Kilinuka kahawa, ile imelala kwa maji ya tangi siku tatu.

Kanana aliikunja karatasi, akaikunjua. Hakuwa amesikia habari ya kiti kabla ya asubuhi hiyo.

— Someni namba, Karani alisema. Hadi hapo alikuwa hajafungua mdomo.

— Elfu moja mia nne na tisa, Kanana alisoma.

— Hiyo ni ya Mutwiri. Nilimwandikisha mimi, mwezi ule ule aliopotea. Hakuwahi kuleta hata debe moja. Hiyo namba hakuna mtu anaijua, ni mimi na yeye tu.

Angeline akapunguza moto chini ya sufuria.

— Basi ni hiyo, Injinia alisema, kwa sauti ya mtu anayejilazimisha kucheka. Namba ikiandikwa na haijaleta kahawa, inatembea. Si hata hapo kiwandani, kwa vitabu, marehemu walikuwa wanaleta kahawa kila msimu?

Hakuna aliyecheka. Pembeni alikuwa amesimama Wambeti, mwanamke kutoka Embu aliyekuja na pikipiki kuuza miche ya parachichi, akingoja kikombe chake.

— Samahani, mimi si wa hapa, alisema. Hiyo tangi iko wapi?

Angeline akaonyesha kwa kidevu. Ndani ya lango lile, ng'ambo ya barabara.

— Hapo tu? Na mmeenda kuangalia?

Tangu Ijumaa Kanana alikuwa amepita mbele ya lango lile mara sita, macho chini kila mara. Alijua kwa nini. Maadamu hajaangalia, kaka yake yuko Mombasa, amenenepa, ana watoto wasiojua Kimeru. Aliona haya mbele ya mgeni, akasimama.

— Naenda sasa.

— Chukua jembe langu, Wambeti alisema. Liko kwa pikipiki.

— Jembe halitaweza, Karani alisema polepole, macho kwenye kikombe. Waliweka zege juu.

Hapo Kanana akajua ni nani aliyeandika karatasi ile.

— Akina nani? Wambeti aliuliza.

Mzee aliinua kikombe, akanywa. Kanana akageuka kumtazama Angeline, kisha Injinia, akingoja washtuke kama alivyoshtuka yeye. Hakuna aliyeshtuka.