Kisutu cha Mke wa Mfalme

Baraza ile ya Mkunazini, mkabala na kiduka cha Anwarali fundi saa, haijawahi kumaliza ubishi hata mmoja tangu ijengwe. Ukianza ubishi pale, uache palepale, wenzio watauokota kesho. Alasiri hiyo ya mwaka wa sabini, Borafya muuza kahawa alikuwa keshamimina duru ya kwanza alipofika Miraji fundi cherehani, kofia mkononi, uso umemshuka. Barazani wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, lakini leo ulimi haukuwa na ncha. Binti yake Shemsa, wa miaka tisa, analia tangu adhuhuri. Skuli wanaigiza kisa cha mfalme aliyewafungia watu kisima, mwishowe akafa na kiu kwa kukosa wa kumtekea, na Shemsa kapewa awe mke wa mfalme, wa kumlilia. Hataki. Baba yake si ndiye aliyekuwa mfalme zamani, katika mchezo huohuo? Miraji kamsimulia mara mia. Mwalimu naye kasema, mtoto akiyajua maneno ya mfalme kufikia kesho asubuhi, atambadilishia. Na Miraji, kwa kujigamba kwake, kaahidi kumfundisha.

— Nnakuombeni mnikumbushe, alisema. Mimi n'lipokuwa mfalme, baada ya "Fungeni kisima" nikisema nini?

Jecha aliweka kikombe chini. Huyu wanamwita Tarehe, kwa sababu ana tarehe ya kila jambo, na hata moja haijawahi kuwa sawa.

— Sindano, mfalme n'likuwa mimi. Tarehe thalathini na moja, mwezi wa Juni, mwaka wa thalathini na tisa.

— Juni haina thalathini na moja.

— Mwaka ule ilikuwa nayo.

Anwarali alitoa kichwa dukani, lenzi bado imembana jichoni.

— Msisumbuane. Mfalme n'likuwa mimi. Taji lilikatwa kwenye bati la biskuti, na bati lilitoka dukani kwa baba yangu.

— Kutoa bati si kuvaa taji.

— Punguzeni sauti, alisema Borafya. Siku hizi watu hawagombei ufalme barazani.

Wote watatu wakatazama huku na huku. Kisha Jecha akainama.

— Haya, alinong'ona. Mfalme n'likuwa mimi.

— Ushahidi uko wapi?

— Wahenga wamesema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo inahusu nini?

— Inanihusu mimi. N'lianza mlinzi, nikapanda uwaziri, nikafika ufalme. Tena n'liingia juu ya farasi.

— Farasi ndani ya darasa?

— Alikuwa punda. Lakini akishaingia ni farasi, huo ndio mchezo wenyewe.

— Mimi n'likuwa na ndevu za sufi, alisema Anwarali. Mwalimu alizibandika kwa gundi, zikakataa kutoka wiki nzima. Nikienda msikitini wazee wananipisha safu ya mbele.

Miraji alifumba macho. Alilitafuta lile taji kichwani mwake, hakuliona. Ndevu hakuna, punda hakuna. Kila akivuta kumbukumbu, inakuja harufu ya udi na kitambaa kinachomtekenya shingoni. Akaingiwa na hofu, kwa sababu mtoto anamsubiri nyumbani. Akajilazimisha kusema neno lolote la mfalme, na kinywa kikatoa jingine kabisa.

— Kisima kimejaa, mume wangu, na koo lako kavu. Funguo ulikuwa nazo, rafiki hukuwa naye.

— Hayo hayawezi kuwa maneno ya mfalme, alisema Borafya.

— Hata mimi naona.

Bi Mwanakhamis, jirani yao mtu mzima, alikuwa anapita na kikapu chake kutoka sokoni. Akasimama.

— Shikamoo, Bi Mwanakhamis.

— Marahaba. Nasikia mchezo wa kisima. Si ule mliokujia kuniazima kisutu changu cha harusi, ile kanga nyekundu, kwa kuwa skuli yenu ilikuwa ya wanaume watupu, na mfalme lazima awe na mke? Miaka yote hii nataka kuuliza. Alikivaa nani? Kilirudi kimefuliwa na kufukizwa udi, adabu yote ilitimia. Lakini upindo ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa buluu, mshono umekwenda upande.



Miraji aliujua mshono ule. Ulikuwa wa kwanza maishani mwake. Aliushona nyuma ya mlango kwa sindano ya bibi yake, vidole vinatoka damu, anaogopa kugombezwa. Angeweza kunyamaza na ufalme wake ukabaki salama. Akamfikiria Shemsa, macho yamemvimba kwa kukataa kuwa mke wa mfalme.

— Mimi, Bi. Mke n'likuwa mimi. Na mshono ni wangu.

Alingoja wamcheke. Hawakumcheka.

— Lakini hukukichana wewe, alisema Jecha polepole. N'lipewa mimi kwanza. Nikakanyaga upindo, ukachanika, nikalia kilio cha kweli, mwalimu akanivua.

— Nikavalishwa mimi, alisema Anwarali. Siku mbili. Pahala pa kulia nikawa nacheka.

Bi Mwanakhamis aliwatazama mmoja mmoja.

— Basi mfalme alikuwa nani?

Jecha alianza kuhesabu kwa vidole. Anwarali alitoa lenzi jichoni, akaifuta, akairudisha.

— Huenda ni yule punda, alisema Jecha.

Borafya aliinamisha dele lake. Likatoa tone moja, basi.

— Kahawa imekwisha, jamaa.

Miraji alivaa kofia yake.

— Unakwenda wapi, Sindano? Maneno ya mfalme hatujayapata.

— Yatafuteni nyinyi. Mimi nnakwenda kumfundisha mwanangu kulia.

Bi Mwanakhamis alihamisha kikapu mkono wa pili.

— Basi pitia kwangu kwanza, alisema. Kisutu kipo. Na ule mshono sikuufumua.