Mzee Kiatu Kimoja na Duka Lake la Zana

Marehemu mzee wetu, ambaye mji mzima ulimwita Kiatu Kimoja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha duka la zana la baba yake. Mama yake alisimulia kwamba hakulia. Alipiga mateke tu, na hakuacha tena.

Alisoma hadi darasa la saba. Kila dawati alilokalia alilifungua skrubu aone limeshikwaje. Siku mkaguzi alipoketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu na kiti kikasambaratika, elimu ya marehemu ilifikia tamati.

Mwaka 1974 alirithi duka, enzi ambazo mtaa ule ulikuwa na maduka ya zana kushoto na kulia. Hakumuuzia mtu kabla hajaijua kazi.

"Msumeno wa nini?"

"Mlango umegoma kufunga, mzee."

"Mlango hauna kosa, bawaba imelegea. Chukua bisibisi, acha kiatu."

Ndiyo ilikuwa biashara yake: aliazimisha, na mwazimaji aliacha kiatu kimoja ili asisahau kurudisha. Wateja walirudi makwao wakichechemea.

Mwaka 1979 alimwoa mkewe, aliyekuja kuazima koleo na kugoma kuvua kiatu. "Nitembee kama kuku mgonjwa? Acha wewe duka, unisindikize." Akaliacha wazi, akamsindikiza.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka kubwa lenye viyoyozi, na majirani zake wakafunga mmoja baada ya mwingine. Marehemu alivuka kila asubuhi, akatikisa mipini ya nyundo zao.

"Mzee, unanunua au unakagua?" mlinzi alimuuliza.

"Nimekuja kuhani msiba."

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Wodini alikaza vitanda vya wenzake kwa kijiko. "Babu, lala," muuguzi alimsihi. "Nitalalaje, na kitanda cha jirani kinalia?" Alifariki tarehe 14 Juni mwaka huu, alfajiri. Chini ya mto ilikutwa spana ya fundi wa hospitali. Ndala moja ya marehemu ilikuwa kwa fundi huyo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na rafu nzima ya viatu visivyo na wenzake. Wenye duka kubwa wanataka kiwanja cha duka lake waegeshe magari, wakidai duka ni tupu. Ni kweli, ni tupu. Zana ziko kwenu.

Binti mkubwa, mchomeleaji, amesema Jumatatu atafungua. "Utauza nini, dada? Viatu?" mdogo wake alimuuliza. "Wasiporudisha, ndiyo, viatu."

Basi ninyi mnaotazama miguu yenu, rudisheni, mchukue vyenu. Tunamwombea marehemu pumziko jema. Ila tunavyomjua, hatatulia mpaka nyundo zirudi.