Blanketi Safi Juu ya Sufuria

Ndugu zangu, niruhusuni nisimame hapa karibu na mlango. Si dharau. Nikisimama mbele ya watu moyo hunidunda, na nikiona pa kutokea natulia kidogo. Mama mwenyekiti ameniomba niwaeleze ninyi wenzangu wa vibanda na hoteli yaliyonipata kule Zombe. Nimeyaandika mara nne, na mara nne nimechana karatasi kwa sababu mistari haikunyooka. Basi nitasema tu.

Mimi sikusomea upishi. Nilijifunza kwa video za simu na kwa susu yangu, nyanya aliyenilea kule Kanyangi. Nilipofungua hoteli yangu ya meza nne niliapa kwamba hakuna mtu atakayewahi kuiita chafu. Vikombe nilivitundika vyote vikitazama upande mmoja. Aproni nilibadilisha mara mbili kwa siku. Nikigusa mlango nanawa, nikipokea pesa nanawa, nikimaliza kunawa nashuku kwamba koki ya mtungi ilikuwa na vumbi, nanawa tena. Dereva mmoja wa lori la mbuzi alikuwa akifika anasimama mlangoni na kuuliza, "Boss, nivue viatu? Naona hata nzi wameacha vyao hapa nje." Watu wanacheka. Mimi najifanya kukasirika, lakini ndani nafurahi kama mtoto.

Kilichonijazia meza ni muthokoi. Nyinyi mnaujua: mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, ukiyachanganya na mbaazi, hayana haraka na mtu. Kwa hiyo kila mkesha wa soko niliupika alasiri, nikaufunika ukiwa moto, nikaizungushia sufuria gunia, na juu ya gunia nikaweka blanketi. Ndivyo susu alivyofanya. Asubuhi sisi watoto tulikuta chakula kina joto, tunakula, tunakwenda shule, na kuni hazijaguswa. Blanketi langu nililifua kila wiki. Nawaambia ukweli, na msinicheke: nililipiga pasi.

Ila sufuria ya susu ilikuwa ya watoto watano, na ilikwisha kabla jua halijapanda. Yangu ilikuwa ya soko zima. Hilo halikunijia akilini.

Basi likaja soko moja la kabla ya mvua, joto la kuchoma. Wateja walikuwa wameongezeka, nami nikaazima sufuria kubwa ya kanisa, ile ya harusi. Asubuhi nilipofunua, muthokoi ulikuwa vuguvugu. Nikaupasha kidogo tu, usishike chini, nikapakua mpaka saa nane mchana. Kufikia jioni watu tisa waliokula kwangu walikuwa wanaumwa tumbo na kuendesha. Mmoja alikuwa mama mjamzito, muuza nyanya aliyekaa mkabala na mlango wangu. Alipelekwa hospitali, akawekewa maji ya mshipa.

Watu walikuja mlangoni. Mume wake alikuwa mbele. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Kijana, umemlisha nini mke wangu?"

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipoanguka. Si kwenye sufuria. Hapa. Niliangalia vikombe vyangu, nikaangalia aproni yangu nyeupe, nikasema, "Ni maji."

Maneno mawili tu. Sikutaja mtu. Lakini kila mtu Zombe anajua nani huniletea maji. Ni mzee mmoja mwenye punda watatu, anayechota kwenye visima vya mchangani, mtoni. Kesho yake hakuna nyumba iliyomfungulia. Mitungi yake ikarudi imejaa kama ilivyokwenda. Mama mmoja alimwambia mbele ya watu, "Peleka hayo maji yako ukawanyweshe punda, kama watakubali." Na mzee huyo hana shamba la maana. Hao punda ndio shamba lake.

Alikuja kwangu siku ya tatu, akakaa meza ya kwanza bila kuagiza kitu. "Mwanangu," akasema, "wewe hunipa mitungi inang'aa kuliko sahani za watu. Unanifanya nioshe faneli ya kumiminia mara mbili. Leo maji yangu yamekuwa sumu?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi sikutaja jina lako."

Akasema, "Ndiyo. Uliwaachia watu walitaje." Akainuka akaenda.

Baadaye akaja afisa wa afya, dada mpole mwenye daftari. Alikagua kila pembe, nami nilimfuata nyuma nikinyoosha vitu alivyokwisha kuvigusa. Akasifu usafi. Nikapumua. Halafu akaweka mkono juu ya blanketi, kwa maana soko la Zombe ni mara mbili kwa wiki, nami nilikuwa nimepika tena.

"Hii sufuria imelala hapa tangu lini?"

"Tangu jana alasiri."

"Na utapakua mpaka saa ngapi?"

Nilihesabu kimoyomoyo, na kabla sijamaliza kuhesabu nilijua. Akanieleza taratibu kwamba chakula kingi kikifunikwa vile hakibaki moto wala hakipoi. Kinakaa uvuguvugu saa nyingi, na vijidudu hupenda uvuguvugu. Vingine huacha sumu ambayo hata ukichemsha tena haiondoki. "Maji nimeyapima pia," akasema. "Maji hayana neno."

Akafunga hoteli yangu mpaka nirekebishe mambo. Muthokoi wote tukaumwaga shimoni. Nilipomuuliza kama angewatangazia watu habari ya maji, alinitazama. "Mimi nitaandika ripoti yangu. Lakini maneno ya maji uliyasema wewe."

Siku mbili nilisugua sufuria ambazo zilikuwa safi tayari. Nikaona kwamba ningeweza kufungua tena na kunyamaza. Watu husahau. Lakini kila nikinawa mikono, nilikuwa ninanawia maji ambayo nilikwenda kuyachota mwenyewe, kwa haya ya kumwita mzee.

Siku ya soko lililofuata nikaenda pale mzee anaposimamisha punda. Walikuwapo kina mama wengi na mume wa muuza nyanya. Nikasema kwa sauti: "Maji ya mzee huyu ni mazuri. Chakula changu ndicho kilichowaumiza. Nilikifunika vibaya, nikaogopa aibu, nikasema uongo."

Mzee akamgeukia punda wake. "Umesikia?" Akanigeukia. "Rudia, huyu wa pili ana sikio zito."

Nikarudia. Mama mmoja akacheka, halafu wote wakacheka, isipokuwa mume wa muuza nyanya. Yeye alisema tu, "Nenda hospitali ukamwambie yeye." Nilikwenda. Mama yule aliniacha niseme yote, akanijibu, "Mtoto anacheza tumboni. Shukuru Mungu, halafu ujifunze kupika."

Nimejifunza, au najifunza bado. Sasa jioni nalowesha tu mahindi na mbaazi mbichi. Kupika ni alfajiri ya siku ya soko, na muthokoi haushuki kwenye makaa, unatokota mpaka sahani ya mwisho. Ukiisha, umeisha, hata kama dereva wa lori atalia. Kikibaki chakula cha kuweka, nakigawa kwenye beseni pana kipoe upesi, kisha kinaingia kwenye friji ya jirani.

Nilipofungua, mteja wa kwanza alikuwa mzee. Akasogeza sahani mbele yangu. "Anza wewe." Nikala kijiko, yeye akinitazama koo. Tangu siku hiyo mzee hali chakula changu mpaka nile kwanza mimi, na naona ni haki yake.

Namshukuru dada wa afya. Namshukuru muuza nyanya na mume wake, ambao mtoto wao sasa anatambaa chini ya meza zangu. Na mzee, ambaye leo amenisindikiza mpaka hapa Matinyani na amekaa pale nyuma, namwambia ni muvea, asante ya kwetu Ukambani.

Kwenu wenzangu nina neno moja. Nilikuwa msafi ili nisifiwe, na ndiyo maana nilipokosea sikuweza kukiri. Osheni sufuria, ndiyo. Lakini siku mtu akiumia kwa mkono wako, usitafute mkono wa mwingine.

Chakula cha leo nimekipika asubuhi hii hii, bado kinatokota hapo nje. Blanketi liko nyumbani, kitandani, mahali pake. Karibuni mle. Mzee, usiinuke bado, ngoja nianze mimi.